Keki ya Zimwi: Mtoto Amle Apul Apul

(Muziki wa kipindi. Uchezwe sekunde kumi, kisha upunguzwe polepole.)

 Iwe uko Migori mjini, Rongo, Awendo, Uriri au Kehancha. Iwe uko Homa Bay mjini, Oyugis, Kendu Bay, Ndhiwa au Mbita. Karibu tena katika mazungumzo yetu ya afya ya mama na mtoto. Vuta kigoda ukae karibu na redio. Kama una uji motoni, endelea kukoroga. Nitazungumza polepole.

Leo nataka kuanza na swali. Je, umewahi kumwambia mtoto, "Kula upesi, usipokula nitamwita Apul Apul aje akule wewe"? Usione haya. Wengi wetu tuliambiwa hivyo tulipokuwa wadogo, na wengi wetu tumewaambia watoto wetu. Apul Apul ni lile zimwi la hadithi za Wajaluo, lenye tumbo lisilojaa. Mama amechoka, sahani imejaa, mtoto amefunga mdomo, giza linaingia. Basi mama anaita zimwi limsaidie kazi.

Mazungumzo ya leo ni juu ya zimwi hilo. Nataka tuligeuze. Badala ya zimwi kumla mtoto, mtoto amle zimwi. Tutapika keki nyumbani, kwa sufuria na makaa, kwa viazi vitamu vya rangi ya chungwa, kisha tutaipamba iwe sura ya Apul Apul. Watoto watacheka, watakula, na sisi tutajua ni nini kimeingia ndani ya chakula chao.

(Muziki mfupi.)

Kwanza tuseme juu ya woga. Mtoto anayelishwa huku akitishwa hali vizuri. Analia na kumeza kwa wakati mmoja, na hapo anaweza kupaliwa. Kesho akiiona sahani, hakumbuki utamu wa chakula, anakumbuka hofu. Mtoto aliyetoka kuugua malaria au kuhara ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu hamu yake ya kula bado ni ndogo na mwili wake unahitaji chakula zaidi, si kidogo. Huyo anataka mlo mmoja wa ziada kila siku kwa muda wa kama wiki mbili. Zimwi haliwezi kumpa mlo huo. Mama mwenye subira ndiye anayeweza.

Kwa hiyo wataalamu wa lishe wanashauri hivi: kaa mbele ya mtoto, mtazame usoni, zungumza naye. Mpe kidogo kidogo. Akikataa, pumzika, kisha ujaribu tena au ubadilishe chakula. Msifu anapokula. Usimshike pua, usimlazimishe, usimtishe.

Je, hii ina maana kwamba hadithi za kutisha ni mbaya? La hasha. Nyanya zetu walijua namna ya kutumia woga. Zamani katika boma la Mjaluo, watoto walikusanyika usiku katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee, wakasimuliwa habari za mazimwi mpaka usingizi ukawachukua. Walitetemeka, lakini walitetemeka wakiwa wamekaribiana, na nyanya yuko pale pale. Na mwisho wa hadithi, mara nyingi zimwi lilishindwa na mtoto mwerevu. Huo ulikuwa woga wa mchezo. Mtoto aliuacha pale pale mkekani, akalala.

Watu wa mbali nao wana usiku wao wa namna hiyo. Wengine wenu mmeona kwenye televisheni au kwenye simu watoto waliovaa vinyago na kubeba maboga yaliyochongwa macho na meno. Sikukuu hiyo inaitwa Halloween. Huangukia Oktoba 31, mkesha wa siku ya Watakatifu Wote. Ilianzia Ireland na Scotland, ambako watu walichonga sura za kutisha kwenye mizizi mikubwa ya bustanini. Walipohamia Marekani wakakuta maboga, ambayo ni makubwa zaidi na ni rahisi kuchongwa. Usiku huo watu hupika keki zenye sura za mizimu, buibui na popo, na watoto huzila kwa kelele na vicheko.

Mimi sikuja kuwaletea sikukuu ya watu wengine. Wako wanaoipenda na wako ambao dini yao haiitaki, na kila mtu ana nyumba yake. Nimechukua kitu kimoja tu kutoka kwao: kwamba kitu cha kutisha kikiwekwa kwenye sahani, mtoto hukishinda kwa meno yake mwenyewe. Unaweza kupika keki hii siku yoyote: siku shule zinapofungwa, siku ya kuzaliwa, au Jumamosi ya mvua nyanya anapotaka kusimulia.

(Muziki mfupi.)

Sasa mtaniuliza, kwa nini viazi vitamu? Na kwa nini vya rangi ya chungwa?

Sisi wa Homa Bay na Migori tumezaliwa katika nchi ya viazi vitamu. Viazi vya Kabondo vinauzwa mpaka Nairobi. Lakini vingi tunavyolima ni vyeupe au vya manjano hafifu ndani. Vinashibisha, lakini havina vitamini A ya kutosha. Vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, kama rangi ya karoti, vimejaa ile rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Usidanganywe na ganda. Kuna kiazi chenye ganda jekundu ambacho ndani ni cheupe kabisa. Kikate kwanza, utazame.

Aina mbili zinazojulikana ni Kabode na Vita. Zilitolewa kwa wakulima nchini Uganda mwaka 2007, na mmoja wa walioshughulika sana na kazi hiyo ni mtaalamu wa mbegu, Robert Mwanga wa Uganda. Mwaka 2016 yeye na wenzake watatu, Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kutia lishe zaidi ndani ya mimea yenyewe.

Huku kwetu Nyanza Kusini pia historia hiyo ipo. Katika miaka ya 1990, watafiti walifanya kazi na vikundi vya akina mama juu ya viazi hivi. Baadhi ya vikundi vilipewa mbegu peke yake. Vingine vilipewa mbegu pamoja na mafunzo ya lishe na ya kuvipika kwa namna mbalimbali. Watoto wa wale waliofundishwa walikula vyakula vya vitamini A zaidi. Mama, sikia hilo vizuri. Kiazi kilichoko shambani hakimsaidii mtoto mpaka mama ajue faida yake na akipike kwa namna ambayo mtoto atakikubali.

Vitamini A yenyewe inafanya nini? Inalinda macho, na inasaidia mwili kupigana na magonjwa kama surua na kuhara. Mtoto akiipungukiwa, dalili moja huanza jioni. Mchana anacheza vizuri. Jua likizama anajikwaa kwenye kigoda, hapati kikombe kilicho mbele yake, anang'ang'ania nguo ya mama na kukataa kutoka nje. Sisi tunasema, "Huyu mtoto ni mwoga wa giza. Nani alimsimulia habari za mazimwi?" Huenda si mwoga. Huenda haoni. Ukiona mtoto anababaika kila jioni, usimcheke na usimtishe. Mpeleke kliniki mara moja, kwa sababu upungufu huo ukiachwa unaweza kuharibu jicho kabisa.

Na usisahau, watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone ya vitamini A kliniki, kila baada ya miezi 6. Angalia kile kijitabu cha mama na mtoto. Kama nafasi ya tarehe iko tupu, nenda ukaulize. Chakula na matone hufanya kazi pamoja. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

(Muziki mfupi.)

Haya, sasa twende jikoni. Kama una kalamu, andika. Kama huna, mwambie mtoto wa shule aandike. Nitatumia kikombe cha kawaida cha chai, kile cha kama mililita 250.

Unahitaji:

Unga wa ngano, vikombe 2.
Beking poda, vijiko vya chai 2 na nusu. Kama unga wako ni ule uliotiwa beking poda tayari kiwandani, usiongeze.
Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vilivyochemshwa na kupondwa, kikombe 1. Hicho ni kama gramu 250.
Mayai 3.
Sukari, nusu kikombe. Usijaze kwa kilima.
Mafuta ya kupikia, nusu kikombe.
Maziwa yaliyochemshwa na kupoa, nusu kikombe.
Chumvi, nusu kijiko cha chai.
Kama una limau, kwangua ganda lake kidogo kwa harufu.

Kabla ya kushika unga, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Watoto wanaosaidia nao wanawe. Mwaka 2015 kipindupindu kilipiga kaunti zetu zote mbili, Migori na Homa Bay, na hatuhitaji kukumbushwa mara ya pili. Maji ya kutumia jikoni yawe yamechemshwa au yametiwa dawa.

Chemsha viazi na maganda yake mpaka vilainike. Vimenye, vipondeponde mpaka visibaki na madonge, kisha viache vipoe. Katika bakuli, piga mayai na sukari kwa uma mpaka povu litokee. Tia mafuta, tia maziwa, tia viazi, koroga. Katika bakuli lingine changanya unga, beking poda na chumvi. Sasa mimina ule unga kidogo kidogo ndani ya mchanganyiko wa mayai, ukigeuza taratibu. Usikoroge sana, keki itakuwa ngumu. Mchanganyiko uwe mzito kuliko uji lakini uweze kudondoka kutoka kwenye kijiko. Ukiwa mzito mno, ongeza maziwa kidogo.

Hapa watoto wataomba kulamba bakuli. Mama, kataa kwa upole. Mayai mabichi na unga mbichi vinaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Waambie watalamba mapambo baadaye.

Sasa jiko. Chukua sufuria kubwa, weka ndani yake mchanga safi mkavu, unene wa vidole viwili. Usitumie mawe yaliyotoka mtoni, kwa sababu jiwe lenye maji ndani linaweza kupasuka kwenye moto. Funika, weka juu ya makaa ya kadiri, na uache ipate joto kwa dakika 10. Sufuria ndogo ipake mafuta, inyunyizie unga kidogo, kisha mimina keki mpaka zaidi ya nusu kidogo. Usiijaze, itafura. Iweke ndani ya ile kubwa, juu ya mchanga. Funika kwa kifuniko kizito, na juu ya kifuniko weka makaa machache. Moto wa chini usiwe mkali, ndio unaounguza keki chini huku juu ikiwa mbichi.

Subiri dakika 40 hadi 50. Usifunue kabla ya nusu saa. Kisha choma katikati kwa kisu safi. Kikitoka kikavu, keki imeiva. Kikitoka na unga, ongeza dakika tano, jaribu tena. Ikiiva, iache ipoe kabisa kabla ya kuipamba.

Hebu tuseme juu ya usalama wa moto, kwa maana sherehe nyingi huharibikia hapo. Jiko la makaa liwe nje au mahali penye hewa inayopita. Kamwe usilifungie ndani ya nyumba ya kulala, hata kama mvua inanyesha, hata kama makaa yamebaki kidogo. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Chora mstari chini kwa kijiti, hatua tatu kutoka jikoni, na waambie watoto: ng'ambo ya mstari ni shimo la Apul Apul, hakuna mtoto anayevuka. Hapo ndipo zimwi lina kazi yake ya halali.

Mtoto akiungua, mwagilia maji safi ya baridi ya kawaida mahali palipoungua kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala yai, wala unga, wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi. Kama ameungua usoni, mikononi, sehemu za siri, au eneo kubwa kuliko kiganja chake, mkimbize hospitali.

(Muziki mfupi.)

Sasa keki imepoa. Waite watoto. Sehemu hii ni yao.

Kwa kupaka juu, tunatumia maziwa mala. Jana yake usiku, mimina mala kwenye kitambaa safi kilichochemshwa, ukining'inize juu ya bakuli mahali pa baridi, na ukifunike inzi wasifike. Asubuhi maji yatakuwa yametoka, na kilichobaki ni kizito na cheupe kama siagi laini. Gawa mara tatu. Sehemu moja iache nyeupe. Ya pili tia matone ya maji ya mchicha uliochemshwa na kukamuliwa, iwe ya kijani. Ya tatu tia maji ya bitiruti iliyochemshwa, iwe nyekundu kama damu.

Paka keki nzima rangi ya kijani, hiyo ni ngozi ya Apul Apul. Macho ni vipande viwili vya ndizi mbivu, na katikati ya kila kimoja tone la kakao iliyokorogwa na maziwa kidogo. Nywele ni karoti iliyochemshwa mpaka ikalainika, ikakatwa nyembamba. Meno ni vipembe vidogo vya ndizi. Mdomo ni ile rangi nyekundu. Mkitaka, keki nyingine ndogo ifanyeni buibui, au kiboko anayechungulia kutoka ziwani. Watoto wa Mbita na Kendu Bay wanamjua kiboko kuliko mzimu wa Ulaya.

Lakini sikilizeni, kuna vitu visivyopanda juu ya keki ya mtoto.

Usitumie rangi isiyo ya chakula. Ile rangi ya unga inayouzwa sokoni ya kutia vikapu na mikeka, rangi ya nguo, wino na rangi za kuchorea shuleni, zote si chakula, hata kama ni tone moja. Kama kiasi cha rangi hakijaandikwa kuwa ni cha chakula, kiache dukani.

Usiweke njugu nzima, zabibu kavu, bisi wala peremende ngumu kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Vinaziba koo. Usiweke vijiti vya meno, shanga wala vitufe kuwa macho ya zimwi. Na njugu, hata za kusaga, zichambue kwanza. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupe, usimpe mtu wala kuku. Wengi tunakumbuka mwaka 2004, sumu ya ukungu kwenye mahindi ilipoua watu 125 upande wa Makueni na Kitui. Ukungu huo huo hupenda njugu zetu pia.

Mtoto akisakamwa na hawezi kukohoa wala kulia, usitie kidole kooni bila kuona kilichokwama, utakisukuma ndani zaidi. Aliye chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mara 5 katikati ya mgongo kwa kiganja. Kisha mgeuze, umbonyeze mara 5 katikati ya kifua kwa vidole viwili. Aliye zaidi ya mwaka mmoja, mpige mgongoni mara 5 akiwa ameinama, kisha simama nyuma yake, mzungushie mikono, umbonyeze tumbo juu ya kitovu kwa nguvu, ukivuta ndani na juu, mara 5. Rudia mpaka kitoke, huku mtu mwingine akitafuta msaada na gari.

Na kama ni mara ya kwanza mtoto kuonja mayai au njugu, mpe kidogo sana kwanza. Akivimba midomo, akitoka vipele vya ghafla au akipumua kwa shida, nenda hospitali papo hapo.

(Muziki mfupi.)

Sasa, nani ale, na kiasi gani?

Mtoto wa chini ya miezi 6, chakula chake ni maziwa ya mama peke yake. Hata kuonjeshwa kwa ncha ya kidole, hapana. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2, mwondolee kiazi chake kabla hujatia sukari. Kiponde, kilainishe kwa maziwa ya mama, ongeza tone la mafuta, na omena iliyosagwa kama ipo. Mchoree macho mawili kwa ndizi iliyopondwa, naye awe na zimwi lake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, limesema watoto wa umri huo wasipewe vyakula vyenye sukari nyingi. Na asali isipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja kamwe, hata kama ni ya kutoka kwa mjomba.

Wenye zaidi ya miaka 2, kata keki vipande 12, kila mtoto kipande kimoja. Kwa kipimo chetu, kila kipande kina kama vijiko viwili vya chai vya sukari. Chupa ya soda ya mililita 300 kwa kawaida ina kama vijiko 8. Kwa hiyo ukitoa keki, usiweke soda kando yake. Weka maji safi au maziwa. Kabla ya kulala, wote wapige mswaki.

Na tusidanganyane. Keki ni keki. Gramu 125 za viazi vya rangi ya chungwa zinatosha kumpa mtoto mdogo, aliye chini ya miaka 6, vitamini A ya siku nzima. Katika kipande chetu kuna kama gramu 20 tu, yaani kama sehemu moja ya sita, na moto hupunguza kidogo. Kwa nini basi nimewasumbua na mapishi haya yote? Ni kwa sababu ya kesho yake. Mtoto aliyemla zimwi la rangi ya chungwa jana, leo ukimpa kiazi chenyewe kilichochemshwa, ukamwambia, "Huu ni mguu wa Apul Apul umebaki," ataunyoosha mkono. Kiazi cha kila wiki ndicho kinachojenga macho. Keki ni mlango tu wa kuingilia.

Keki iliyopambwa kwa mala na ndizi iliwe siku hiyo hiyo. Isiyopambwa, ukiifunika vizuri, inaweza kungoja mpaka kesho. Na mtoto aliyekonda sana, au aliyevimba miguu yote miwili, huyo hahitaji keki. Huyo ni wa kupelekwa hospitali leo.

(Muziki mfupi.)

Kabla sijaondoka, acheni niwakumbushe hadithi moja. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima. Wazee wanasimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja watu walikuwa wanakula na kunywa na kucheza, akaja bibi kizee amelowa mvua, akaomba hifadhi. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemhurumia. Basi maji yakapanda, kijiji chote kikazama, na mwanamke yule akaokoka. Ndiyo sababu ziwa lipo mpaka leo.

Msimulieni mtoto hadithi hiyo wakati wa kukata keki. Kisha mwulizeni, "Je, kipande cha nani hakijakatwa?" Atataja mtoto wa jirani ambaye mama yake amesafiri. Atamtaja nyanya aliye peke yake ng'ambo ya ua. Mkatieni. Vipande 12 ni vingi.

Na wewe mama, jioni ya leo mtoto akifunga mdomo, usimwite Apul Apul. Kaa chini. Mtazame usoni. Mwambie, "Leo sisi ndio tutakaomla." Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sisi tunaongeza: zimwi ulipikalo mwenyewe halikuli hata kidogo.

Haya, tuyarudie yale ya kukumbuka. Mlishe mtoto kwa subira, si kwa vitisho. Chagua viazi vya rangi ya chungwa ndani, uvipike mara kwa mara. Mtoto anayejikwaa jioni, mpeleke kliniki. Vitamini A, kila miezi 6 mpaka afike miaka 5. Rangi iwe ya chakula. Njugu nzima na peremende ngumu zikae mbali na wadogo. Jiko liwe nje.

 Mimi nawatakia jioni njema na hadithi njema. Tukutane tena wiki ijayo, saa kama hii. Kwaheri.

(Muziki wa kipindi upandishwe, kisha uishe.)

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji

1. Nyumbani kwenu, mtoto akikataa kula, watu humwambia nini? Ni maneno gani mengine yangeweza kutumika?
2. Ni nani katika kijiji chenu anayelima viazi vya rangi ya chungwa? Kikundi kinaweza kupata mbegu yake kwa njia gani?
3. Kila mmoja afungue kijitabu cha kliniki cha mtoto wake. Tarehe ya mwisho ya vitamini A ni ipi?
4. Pikeni keki hii pamoja mara moja. Ni kitu gani mlichobadilisha, na watoto walisemaje?